Upendo Hauchoki Kurudia

 

Mwaka ambao mvua imekubali na maji ya mto Bubu yakashuka hadi mbuga ya Bahi, majaruba ya mpunga hujaa watu kabla jua halijapanda. Akina mama wamejifunga kanga viunoni, miguu imezama topeni, miche iko mkononi. Wanainama, wanachomeka mche, wanarudi nyuma hatua moja, wanachomeka mwingine. Mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia. Maneno ya wimbo ni machache, na yaleyale yatasikika mpaka jaruba liishe. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba wimbo haubadiliki. Hawauimbi ili wapate habari mpya. Wanauimba ili mikono yao ishike mwendo mmoja, na yule ambaye mgongo umeanza kumuuma avutwe na sauti za wenzake.

Nimeutafakari uimbaji huo kwa sababu ya swali nililoulizwa na binti mmoja wa jumuiya yetu. Anafanya kazi hotelini Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, na amekuja nyumbani likizo. Baada ya Misa alisubiri watu wapungue, akaniamkia, kisha akanisimulia anayoyaona kazini. Wageni hutoka Ulaya na kwingineko, wakakaa juma zima kwa ajili ya yoga. Alfajiri hutandika mikeka, hujinyoosha, huvuta pumzi taratibu, halafu huketi wakaimba kwa kurudiarudia maneno machache ya Kisanskriti, lugha ambayo wengi wao hawaijui. Wapo wanaotokwa machozi. Wapo wanaoondoka wakiwa na nyuso tulivu kuliko walizokuja nazo. "Baba," aliniuliza, "watu hawa wanatoka mbali hivyo kutafuta nini? Na mimi ninaposali rozari chumbani baada ya zamu, nikarudia maneno yaleyale, nina tofauti gani nao?"

Hilo ni swali la mtu anayetaka kukua, na swali la namna hiyo halistahili jibu la haraka. Naomba tulitafakari pamoja.

Mwanadamu anapomtafuta Mungu, hurudia. Tazama mikono ya waumini duniani kote. Wahindu wana ushanga wa punje 108. Majirani zetu Waislamu wana tasbihi ya punje 99 au 33, wakimtukuza Mwenyezi Mungu kwa kila punje. Sisi katika rozari moja tunasali Salamu Maria mara 53. Kule Urusi kilichapwa kitabu mjini Kazan mwaka 1884, kinachosimulia habari za mhujaji maskini aliyezunguka nchi kwa miguu akiwa na mkate mkavu na Biblia yake. Mzee mmoja wa kiroho alimfundisha ombi fupi la kumwomba Yesu huruma, akamwagiza alirudie mara 3,000 kwa siku, kisha 6,000, kisha 12,000, hadi ombi likawa linaendelea lenyewe moyoni hata midomo ilipofungwa. Na ukisafiri kati ya Nairobi na Mombasa utapita Makindu, ambako Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926. Mahujaji hufika pale kuimba sifa, na kila msafiri anayeingia, awe wa dini yoyote, hupewa chakula na mahali pa kulala bila kudaiwa hata senti.

Kwa hiyo tusiwacheke wale wageni wa Paje. Yoga ni mapokeo ya kale ya India, na leo imeenea kiasi kwamba mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitengea siku yake, tarehe 21 Juni. Nyuma ya kila mkeka uliotandikwa ufukweni kuna mtu. Huenda ndoa yake imevunjika. Huenda amefanya kazi miaka mingi bila kupumzika. Huenda hakuna aliyewahi kumfundisha kusali. Je, mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita akitafuta utulivu wa roho si ndugu yetu katika kiu?

Kanisa nalo limelitafakari jambo hili kwa utulivu. Tarehe 15 Oktoba 1989, ofisi ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani, ikiongozwa na Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia maaskofu barua juu ya tafakuri ya Kikristo. Barua hiyo haikuzitupa njia za kutafakari zilizotoka kwenye dini nyingine. Ilieleza kwamba yaliyo mema ndani yake yanaweza kupokelewa, mradi tusipoteze kiini cha sala yetu, ambacho ni kuzungumza na Mungu anayetujua kwa majina na kutupenda. Ikatoa pia tahadhari ya kichungaji. Kutulia kwa mwili ni jambo jema, lakini tusikimbilie kuamini kwamba kila utulivu ni faraja ya Roho Mtakatifu. Mtu anaweza kupumua vizuri, akajisikia mwepesi, na bado mwenendo wake ukawa vilevile.

Tahadhari hiyo inatugusa na sisi wenye rozari. Naweza kumaliza mafumbo yote matano nikiwa nimetulia kabisa, na nikitoka nje nikampita jirani yangu bila salamu. Basi wewe na mimi tujiulize bila hofu: maneno ninayoyarudia mbele ya Mungu yananipeleka wapi nikishanyanyuka?

Labda mtu ataniambia, "Lakini Bwana alitukataza kupayukapayuka." Ni kweli. Katika mahubiri ya mlimani alituonya tusidhani kwamba Mungu husikia kwa sababu ya wingi wa maneno. Ila tumwangalie Bwana huyohuyo usiku wa Gethsemane. Mathayo anatusimulia kwamba alikwenda kusali mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mara ya tatu alisema maneno yaleyale. Mwana wa Mungu, mwenye hekima yote, katika saa nzito kuliko zote alirudia. Hakurudia kwa sababu Baba hakusikia. Alirudia kwa sababu moyo uliojaa uchungu hautafuti maneno mapya; hushika yale machache ya kweli na kukaa ndani yake mpaka uweze kusimama tena. Aliposimama, aliwaendea wanafunzi waliokuwa wamelala, akawaita waondoke pamoja naye. Sala ile ya kurudia ilimrudisha kwa rafiki zake, hata wale waliomwangusha.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali la binti yetu. Kinachoitofautisha rozari yake si idadi ya punje. Ni kwamba anazungumza na aliye hai, anayempenda, na upendo huo hautamwacha alipo. Utamsukuma aende kwa mtu mwingine.

Tunaona jambo hilo Namugongo, nchini Uganda. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji wa Afrika Mashariki huelekea huko, na wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi mfululizo. Hatua ni ileile, vumbi lilelile, Salamu Maria ileile, litania ileile. Wanakwenda mahali ambapo tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto kwa sababu ya imani yao. Mashahidi wa Uganda tunaowakumbuka ni 45 kwa jumla, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na pale Namugongo vijana wa madhehebu hayo mawili walikufa pamoja. Kabla ya siku ile, Lwanga alikuwa akiwafundisha vijana wenzake wa ikulu kwa siri, akiwarudishia sala na mafundisho waliyoyapokea. Kule Munyonyo, kabla hawajahukumiwa, aliwabatiza wale waliokuwa bado hawajabatizwa, akiwemo Kizito, kijana mdogo kuliko wote. Saa ya moto ilipofika hawakuwa na muda wa kutunga sala. Walikuwa na zile walizozizoea.

Mpendwa, siku ngumu hutukuta na maneno tuliyoyafanyia mazoezi siku za kawaida. Aliyezoea kulaani, hulaani. Aliyezoea kushukuru, hata akiwa kitandani hospitalini hupata cha kushukuru. Ni maneno gani yanayorudiwa zaidi nyumbani kwako? Mtoto wako akiyabeba hayo kama akiba yake ya maisha, yatamfaa siku ya shida?

Sasa tusogee mahali penye uchungu kidogo. Petro alimwuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye akadhani mara saba ni ukarimu mkubwa. Bwana akamjibu saba mara sabini. Kwa muda mrefu watu wamelisikia jibu hilo wakadhani linamhusu mkosaji sugu tu, anayekosa leo na kesho. Lakini wengi wetu tumejeruhiwa mara moja. Ng'ombe wa mtu waliingia shambani usiku mmoja wakamaliza uwele wa mwaka mzima. Ndugu alichukua fedha za mazishi ya mama akasema zimekwisha. Ni tukio moja, ila linarudi kila unapopita kando ya lile shamba, kila unapomwona mtoto wa ndugu yule amevaa viatu vipya. Uliwahi kusema mbele ya padre kwamba umesamehe, na ulikuwa unasema kweli. Mbona basi moyo unawaka tena?

Usijihukumu. Hukudanganya. Msamaha ni sala ya kurudiwa. Kila kumbukumbu ile inapopanda, nawe ukasema tena, "Bwana, ninamwachilia," umesali punje nyingine. Kosa moja laweza kuhitaji kusamehewa mara mamia, na kila mara ni msamaha wa kweli. Siku moja utakuta kumbukumbu imekuja na haikukunja ngumi zako. Nami niseme kwa upole kwa anayeumizwa hadi leo, anayepigwa au kutishwa ndani ya nyumba: kusamehe hakukulazimu kukaa ndani ya hatari. Nenda kwa wazee unaowaamini, nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto polisi, njoo parokiani. Msamaha wako na usalama wako havigombani mbele za Mungu.

Nataka niwapeleke kwa dakika chache mahali pengine pa hija, ambako kuimba kwa kurudia na kusamehe vimekutana waziwazi. Katika kijiji cha Taizé, nchini Ufaransa, bruda mmoja aliyezaliwa Uswisi, Roger, alifika mwaka 1940 wakati wa vita, akawapa hifadhi wakimbizi, na baadaye akaanzisha jumuiya ya mabruda kutoka madhehebu mbalimbali. Wanasali pamoja mara tatu kwa siku. Nyimbo zao ni fupi, mstari mmoja au miwili, na huzirudia hadi hata mgeni asiye na kitabu ajikute anaimba. Vijana kwa maelfu huja kukaa nao juma moja moja, kulala katika mahema, kuosha vyombo, kuimba na kunyamaza.

Jioni ya tarehe 16 Agosti 2005, katikati ya sala, mwanamke mmoja mwenye matatizo ya akili alimchoma kisu Bruda Roger mbele ya vijana hao, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 90. Kanisa alimouawa linaitwa Kanisa la Upatanisho. Juma moja baadaye, katika mazishi, mrithi wake Bruda Alois aliomba hadharani, akimkabidhi yule mwanamke kwenye msamaha wa Mungu. Fikiria uzito wa ombi lile. Jumuiya iliyokuwa imeimba juu ya huruma asubuhi, mchana na jioni kwa miaka 60 na zaidi ilitakiwa siku hiyo kuiishi, nayo ikaiishi. Nyimbo zile fupi zilikuwa zimefanya kazi yake kimyakimya ndani ya mifupa yao.

Miaka 3 baadaye mabruda haohao walikuja kwetu Afrika Mashariki. Novemba 2008 waliwaalika vijana Nairobi katika hija yao ya imani na matumaini. Mwaka huohuo ulikuwa umeanza kwa damu nchini Kenya. Watu zaidi ya 1,000 walikuwa wameuawa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wakinyosheana mapanga kwa sababu ya kabila. Kuwakutanisha vijana wasali pamoja katika mji ule, mwaka ule, lilikuwa tendo la imani. Kupatanishwa hakukumalizika katika siku zile chache. Lakini ni vigumu kumwita adui mtu ambaye jana mliimba naye mstari mmoja, ukaivuta pumzi pale alipoivuta.

Huenda unasoma haya ukiwa huna nauli ya kwenda popote. Unamuuguza mzee, unalea wajukuu, au mavuno yalikuwa haba. Ulipoona wenzako wa jumuiya wanapanda basi kwenda kuhiji Pugu au Namugongo, wewe ulibaki ukiwafungulia mbuzi wao asubuhi. Mpendwa, usidhani umeachwa nyuma. Mama anayemuuliza mtoto kila jioni kama amekula hajaishiwa maneno, anapenda. Baba anayefungua darasa lilelile miaka 20, anayefundisha herufi zilezile kwa watoto wapya, anapenda. Anayembadilishia mgonjwa shuka usiku wa leo, akijua kesho atambadilishia tena, yuko safarini kuelekea patakatifu, na Mungu anazijua hatua zake.

Na wewe unayeweza kwenda, nenda kwa furaha. Katika mwaka wa Jubilei wa 2025, uliofunguliwa na Papa Fransisko usiku wa tarehe 24 Desemba 2024, Kanisa lilitualika tuwe mahujaji wa matumaini, na mwaliko huo haukufungwa pamoja na malango ya jubilei. Hapa kwetu Jimbo Kuu la Dodoma tunacho kituo cha hija cha Mbwanga, hakihitaji safari ndefu. Nenda pia kwenye mafungo yanapotangazwa, ukazime simu, ukae na Bwana. Ila kabla ya kufunga begi, pitia mlango mmoja. Bwana alituagiza kwamba tukikumbuka mbele ya altare kuwa ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka pale, tukapatane kwanza. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha hija yako kinaweza kuwa nyumba ya tatu kutoka kwako. Na ukirudi, watu wa nyumbani wasikutambue kwa chupa ya maji ya baraka tu. Wakutambue kwa namna unavyowajibu wanapokuuliza swali lilelile mara ya tano.

Binti yetu anarudi Unguja juma lijalo. Nimempa zoezi dogo, nami nakupa na wewe. Chagua ombi moja fupi lisilozidi pumzi moja. Laweza kuwa "Yesu, nihurumie," au "Baba, mapenzi yako." Lirudie asubuhi kabla hujazungumza na mtu, ukiwa njiani kwenda kazini au shambani, na usiku kabla ya kulala. Ndani yake weka jina la mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake linakuwa zito mdomoni. Usijilazimishe kujisikia vizuri. Lirudie tu. Kabla juma halijaisha, mtendee mtu huyo jambo moja dogo la wema: salamu, ujumbe mfupi, bakuli la mboga, au kukataa kumsema vibaya watu wanapoanza kumsema. Ukisahau siku moja, endelea kesho. Mungu hatakuhesabia siku uliyoruka.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyesali usiku kwa maneno yaleyale na hukuchoka, tufundishe kusali. Wabariki walio safarini wakikutafuta, wanaokujua kwa jina na wasiokujua bado. Walinde vijana wetu wanaofanya kazi mbali na nyumbani. Wape nguvu wanaorudia kila siku kazi za upendo zisizoonekana. Tunakutajia sasa yule tuliyeshindwa kumwachilia. Tunamwachilia leo, na tupe neema ya kumwachilia tena kesho. Uifanye Bahi iwe mahali ambapo mgeni hulishwa, aliyekosea hupokelewa, na jina lako hutajwa kwa upendo. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.